Wendell Kasprzak: Miaka Thelathini na Minane ya Jezi Safi, na Dakika Kumi na Mbili za Kukata Tamaa

Baada ya miaka thelathini na minane, miezi minne na siku kadhaa ambazo ofisi imezihesabu na mimi nimezisahau, Wendell Kasprzak, mkuu wa vifaa wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Wachimba Chumvi wa Port Marlow, alistaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2014. Nasema rasmi. Tarehe 4 Januari alikuwa bado kazini, na habari hiyo nitaifikia, maana ndiyo iliyonifanya nigombee ukurasa huu wa jarida na kumshinda yule bwana wa habari mwenye shahada mbili. Mimi ni Lamar Dupree, dereva wa lori la vifaa. Nimelifikisha lori hilo majimbo arobaini na moja bila kukwaruza hata taa, na hakuna aliyekaa na Wendell karibu kuliko mimi, isipokuwa marehemu mkewe, ambaye angalau hakulazimika kunusa soksi za wanaume hamsini na watatu.

Aliajiriwa Agosti 1976 kufua. Miaka saba baadaye alishika funguo zote, na tangu hapo hakuna mchezaji wetu aliyewahi kuingia uwanjani na kofia inayocheza kichwani au pedi za mabega zinazobana. Yeye hakuhitaji futi ya kupimia. Alimtazama mtu akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akamwambia namba ya kiatu chake. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilimwambia navaa kumi na mbili. Akasema, “Unavaa kumi na tatu, na ndiyo maana una hasira.” Nikabishana naye wiki nzima. Wiki ya pili nikajaribu kumi na tatu, na kwa mara ya kwanza tangu niache shule nikajikuta napiga mluzi.

Katika miaka hiyo yote timu iliingia hatua ya mtoano mara tano, na mara zote tano tulicheza ugenini. Wendell alipakia, mimi nikaendesha, tukafungwa, tukarudi. Alikuwa na hamu moja tu, na aliniambia tukiwa tumekwama kwenye theluji huko Wyoming, tunagawana kahawa ya mwisho ya chupa: “Lamar, nataka Jumapili moja ya Januari. Jezi za bluu, za nyumbani, kwenye makabati yetu wenyewe. Moja tu, kisha magoti haya nayapeleka kwenye jua.” Aliposaini karatasi za kustaafu akachagua mwisho wa Desemba, kwa kuwa Januari haijawahi kumhusu.

Msimu wenyewe mliuona. Tulipoteza mechi nne za kwanza kwa namna ambayo hata padri wa parokia yangu aliacha kutuombea akaanza kutucheka. Mrusha mpira wetu akavunjika kidole. Wendell akamshonea glavu yenye kijiti ndani, kazi ya mkono, na kwa glavu hiyo tukashinda mechi tisa kati ya kumi na moja. Ikabaki mechi moja, tarehe 28 Desemba, dhidi ya wale wababe wa Duluth. Tukishinda, tunaongoza kundi na mechi ya kwanza ya mtoano inachezwa hapa hapa. Tukishindwa, msimu umekwisha na Wendell amekwenda.

Sasa wafanyakazi wapya wasome hapa kwa makini. Jumatatu baada ya mechi ya mwisho ya msimu, kila mchezaji hukuta mfuko mweusi wa taka kwenye kabati lake. Humo hutia viatu, picha za watoto, barua za mashabiki, kisha hupeana mikono na wenzake na kwenda zake. Ndiyo maana mapipa yote ya jengo hili huwekwa mifuko myeupe, na ile myeusi Wendell aliifungia nyuma ya sabuni tangu Agosti. Mchezaji akiona mfuko mweusi mwezi wa Oktoba, huona msimu wake umezikwa.

Siku hiyo ilianguka theluji ya majimaji, ile ya ziwani isiyojua kama ni theluji au mvua. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili kabla ya mapumziko, Duluth walikuwa na pointi ishirini, sisi tatu. Wendell akatazama ubao, akatazama magoti yake, akakumbuka kwamba gari la kuhamisha vyombo vyake kwenda Tucson kwenye jua, kwa binti yake, lingefika Jumatatu alfajiri, kabla ya saa ya mifuko. Akaingia ndani. Akachukua mifuko myeusi, akaiweka kwenye rafu ya juu ya kila kabati, nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayegusa mpaka Jumatatu. Isipokuwa siku ya majimaji, wanapotafuta glavu kavu. Na glavu kavu hukaa rafu ya juu kwa amri ya nani? Ya Wendell, tangu 1983.

Wakaingia mapumziko, wakanyoosha mikono juu, na mifuko ikaanza kudondoka. Mmoja, miwili, kumi.

Nahodha wetu, Deke Mondesir, ratili mia mbili na sitini za hasira, akauinua wake kwa vidole viwili kama panya mfu. “Nani ametuzika na bado tunapumua?”

Wote wakanigeukia mimi. “Dupree!” mmoja akafoka. “Mdomo wako na mikono yako vyote havina breki!”

Nilikuwa tayari kubeba lawama, na msioamini shauri yenu, lakini Wendell akanyoosha mkono kama mwanafunzi. “Mwacheni. Ni mimi, Deke. Dakika kumi na mbili zilizopita nilikata tamaa. Sijawahi, na naona aibu.”

Kocha Breck alikuwa ameshika hotuba yake. Akaikunja, akaitia mfukoni, akatazama ukuta. Mondesir akakaa, akavua kiatu, akakimimina. Yalitoka maji ya kutosha kupikia chai ya familia. “Mzee,” akasema taratibu, “hata ukinifukuza siwezi kuondoka. Vidole vyangu sivisikii.”

Wendell akautazama mguu ule. Akautazama mfuko. Nikamwona anarudi kuwa Wendell.

“Vueni viatu! Wote! Lamar, mkasi na soksi kavu. Nyie mama zenu hawakuwafunga mifuko ya mkate miguuni mkienda shule?”

“Mimi nimekulia Miami, mzee,” akasema Mondesir.

“Basi leo umepata mama mpya. Lete mguu.”

Soksi kavu, kipande cha mfuko, kiatu. Soksi, mfuko, kiatu. Sisi wa vifaa tulikuwa wanne, wachezaji waliopangwa siku hiyo arobaini na sita, na mwamuzi tayari anagonga mlango. Mimi nilifunga kumi na tisa, rekodi ambayo naomba iandikwe mahali. Wendell alipiga magoti sakafuni, magoti yale yale, akafunga kila mguu akisema, “Nisamehe. Mwingine. Nisamehe. Mwingine.” Alipofika kwa mpiga teke, kijana mpole asiyeongea, huyo akamjibu, “Tumeshakusamehe tangu kabati la tatu, bwana. Kaza tu.”

Kipindi cha pili hakihitaji maneno mengi. Watu wa Duluth, viatu vimejaa maji, walikimbia kama wanaotembea juu ya matofali. Wetu walikimbia wakitoa sauti ya pakiti za chipsi zikifunguliwa, lakini walikimbia. Ikawa ishirini kwa kumi, ishirini kwa kumi na saba, na dakika mbili kabla ya mwisho, ishirini na nne kwa ishirini, sisi mbele. Duluth wakafika yadi tatu kutoka mstari wetu. Walijaribu mara nne, ndizo zinazoruhusiwa. Mara ya nne Mondesir alimkumbatia mtu wao kama shemeji aliyepotea, wakalala pamoja kwenye matope, ikaisha.

Gari la Tucson likaambiwa lisubiri. Likabaki tatizo moja. Tarehe 4 Januari ilikuwa ya mechi, na Wendell hakuwa tena mfanyakazi. Bi Gunderson wa ofisi ya ajira, mama wa haki ambaye sina ugomvi naye, alisema bima haimruhusu mtu wa nje kugusa vifaa. Asubuhi hiyo Mondesir akakaa kwenye korido, mlangoni pake, akiwa na chupi tu. “Mama, mimi sivai mpaka jezi yangu itoke mkononi mwa yule mzee. Na hapa kuna baridi.” Nyuma yake wakaja wengine watano, na chupi zao. Bi Gunderson alivumilia dakika nne. Kisha akaandika kadi ya MGENI, akaifunga mwenyewe shingoni mwa Wendell, na akasema kwamba bima haijataja chochote kuhusu mgeni kutandika nguo.

Akatandika. Jezi arobaini na sita za bluu, makabati yetu, Januari. Alitumia saa mbili kwa kazi ya dakika arobaini, na hakuna aliyemharakisha. Tulifungwa thelathini na moja kwa kumi, kipigo halali kabisa, na alipokuwa akikusanya jezi zile chafu alikuwa akiimba kwa Kipolandi, vibaya sana.

Wendell, asante kwa kila kamba uliyofunga na kila mtu uliyemtoa nje akiwa amevaa sawasawa. Kwa niaba ya jengo zima, kuanzia kwa Kocha hadi jikoni, tunakuombea huko Tucson afya, majirani wachangamfu, na Jumapili ndefu zisizo na kengele. Mlango wa vifaa unajua hatua zako. Na ile kadi ya MGENI uliyoondoka nayo, Bi Gunderson anasema haidai. Amefuta tarehe ya mwisho wa matumizi.