Kibao Namba Saba

Benchi letu liko nje ya saluni ya Kinyozi, hatua chache kutoka gatini, na kahawa tunainywa kwa vikombe vyake vilivyokatika mikono. Mimi wananiita Mitungi, kwa sababu najaza hewa mitungi ya wapiga mbizi na kwenda nao baharini. Rada ni fundi redio, na hakuna jambo asilolijua hata kabla halijatokea. Siku hiyo saa sita mchana tulikuwa tunamjadili Mrefu, anayeongoza wageni chini ya maji. Boti yetu ilirudi saa nne, watu wakatawanyika, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Nahodha alishatoa hukumu: ametoroka kazi.

RADA: Ameteremka gatini akayeyuka. Ana jambo lake yule.

KINYOZI: Jambo gani?

RADA: Wewe unadhani kule chini wanaangalia samaki tu? Acha bwana! Kuna mzigo umefichwa.

KINYOZI: Kweli, hata mimi alinishangaza. Juzi kaja, eti nimwondoe ndevu zote. Mtu mzima anabadilisha sura ya nini?

MIMI: Ndevu zinapitisha maji kwenye miwani ya kuzamia.

RADA: Unaona? Mpaka kisingizio alishakiandaa!

KINYOZI: Lakini je, kama mmemwacha huko huko majini?

MIMI: Thubutu! Tuna ubao wa misumari. Anayezama anachukua kibao chake chenye namba, anakibana kifuani. Akipanda botini, anakirudisha kwa mkono wake. Nahodha hawashi injini mpaka misumari yote ijae. Leo ilijaa, nimeiona mwenyewe.

RADA: Basi kesi imekwisha. Kuna nyambizi ilimsubiri, nawaambia. Na nahodha analijua hilo, ndiyo maana kawahi kusema katoroka.

KINYOZI: Nyambizi tena?

RADA: Sasa hivi yuko ndani, anakunywa chai.

Nilicheka, nikaongeza kwamba hata mimi nilimtilia shaka tangu asubuhi. Ndipo tukamwona mwanamke amesimama mbele yetu, kashika viatu vya kiume. Kinyozi aliinuka kumpisha. Alikuwa shangazi yake Mrefu, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

— Shikamoo shangazi, karibu ukae, akasema Kinyozi.

— Marahaba. Sikai. Viatu vyake hivi, nimevitoa botini. Mtu anatoroka peku?

— Mjanja huviacha makusudi, mama, akasema Rada.

— Sikubishii, baba. Ila nimeutazama ule ubao. Mwanangu kibao chake hukigeuza, namba inalala ubaoni, tangu aanze kazi. Anasema akishatoka majini yeye si namba tena. Leo saba inatazama watu. Nani amekitundika?

Rada alichungulia kikombe chake. Kinyozi alifuta benchi ambalo halikuwa na vumbi. Mimi niliikumbuka asubuhi ile botini. Mrefu alizama wa mwisho, kumfuata mgeni mmoja, na mgeni yule alipanda peke yake akitapika, akajilaza. Katikati ya purukushani hiyo nilikiona kibao sakafuni, kati ya mitungi. Nikadhani kimedondoka msumarini. Nikakiokota, nikakitundika vizuri, namba mbele, maana sipendi vitu vizagae. Sikuuliza ni cha nani. Kumbe kilichomoka kifuani mwake akijirusha.

— Mimi, shangazi.

Tangu tuondoke kwenye mwamba tulikozamia zilikuwa zimepita saa mbili na nusu, na mimi nilikuwa nimekaa nakunywa kahawa na kumsema. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Shangazi hakunitukana. Aliuliza tu:

— Mahali unapakumbuka?

— Napakumbuka. Mkondo utakuwa umemsukuma upande wa mnara wa taa. Ana fulana ya kuelea, na filimbi anayo.

Rada alishatoa simu anawapigia watu wa uokoaji, na alisema mahali tu, bila kuongeza la kwake. Kinyozi aliacha saluni wazi, akakimbia kumwita nahodha. Nilipogeuka kuelekea gatini, shangazi alinishika mkono, akanipa vile viatu.

— Utamvalisha wewe, akasema.