Baga Isiyo na Mkate

Jana mchana, katika basi la mtaani kwetu hapa Fresno, mbele yangu aliketi mwanamume mnene aitwaye Dwight. Jina nililisoma kwenye mfuko wake wa chakula. Alitoa baga iliyofungwa kwa majani ya saladi.

"Wamekunyima mkate, mwanangu," alisema bibi mmoja kando yake.

"Nimeukataa mwenyewe, mama. Nakula kama watu wa kale, kabla ya kilimo. Mkate sili, viazi sili, jibini sili."

"Hata maharage?"

"Hata maharage."

"Watu wa kale hawakuagiza baga dirishani! Shuka ukawinde!"

Abiria tulicheka. Mimi nilisoma historia katika shule ya usiku, na nilijua bibi ana hoja. Dwight naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Dada yangu anahitaji figo, na yangu inamfaa. Daktari hanipasui mpaka nipungue ratili arobaini. Nimepunguza thelathini na nane. Leo napimwa."

Nimewahi kuacha sigara, najua kujinyima kulivyo. Nilimheshimu mtu yule.

"Bado nasema maharage hayana kosa," bibi alinung'unika.

Basi liliposimama mbele ya hospitali, Dwight aliirudisha nusu ya baga mfukoni.

"Mbona humalizi?"

"Hii nayo ina uzito, mama."

Alikuwa ameshafika chini bibi alipofungua dirisha na kupaza sauti: "Vua viatu kabla hujapanda mizani! Na mkanda!"