Chupa Iliyoandikwa "Imelala"

Mbele ya duka la kinyozi pana benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi hukaa hapo watu walewale: Kinyozi mwenyewe, akiwa hana kichwa cha kunyoa; Profesa, muuza magazeti ambaye husoma bidhaa yake yote kabla ya kuiuza; na Fundi Saa, mtu wa sala na maneno machache, aliyefiwa na mkewe mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Bibi wa Kahawa huwamiminia na kuwasuta. Siku hiyo Fundi Saa alikuja na chupa ndani ya mfuko wa karatasi, akaipakata, na kikombe chake alikishika tu bila kunywa.

— Fundi, leo umetuletea nini? aliuliza Kinyozi.

— Swali. Chakula cha chupa, kilichotengenezwa nyumbani, kikikaa miaka miwili, bado kinalika?

Hakuwaambia kwamba swali lilikuwa limechelewa. Alfajiri alikwenda kusali. Aliporudi alimkuta binti yake, mwenye mimba ya miezi saba, amekaa kwenye sakafu ya jikoni na uma mkononi, anacheka. Alikuwa amefungua chupa ya mwisho ya marehemu mama yake, maharagwe machanga kwenye maji ya chumvi na siki kidogo, na nusu ilikuwa imekwisha. "Baba, ni mama mtupu," alisema. Fundi Saa aliitikia amina bila kujua anaitikia nini. Kisha akaichukua chupa, akatoka.

Kinyozi aliitoa mfukoni, akaigeuzageuza.

— Kumbe kuna maandishi. I-me-la-la. Imelala! Mzee, chakula kilicholala ni kiporo. Aliyeandika kakwambia mwenyewe.

— Kiporo cha miaka miwili! alisema Bibi wa Kahawa. Hicho hata mbwa angekiamkia kwanza.

— Nyie hamsomi, alisema Profesa. Mimi nauza matangazo ya vifo kila siku. "Mpendwa wetu amelala." Hicho chakula kimekufa, basi.

Fundi Saa aliinama. Neno hilo ndilo alilolitamka mwenyewe mbele ya waumini, siku ya kumzika mkewe, kwa kuwa lile jingine lilikataa kutoka kinywani.

— Kina harufu? aliuliza Bibi.

— Hakina.

— Afadhali.

— Afadhali wapi! Profesa alisogea karibu. Sumu mbaya haina harufu. Nimesoma. Inaanzia machoni: mtu mmoja unamwona wawili. Halafu ulimi unakuwa mzito. Halafu pumzi.

— Baada ya muda gani? Fundi Saa aliuliza polepole.

— Leo, kesho, hata keshokutwa. Haina haraka.

— Mimi nilisikia habari ya bwana mmoja, alidakia Kinyozi. Alikula samaki wa kopo, nywele zikaacha kuota. Kichwa kama yai!

— Hiyo kwako ni hasara ya biashara, siyo ugonjwa, alisema Bibi.

— Cheka tu, alisema Kinyozi. Tena inapita kwenye damu. Mama akila, mtoto wa tumboni anazaliwa kasinzia, na haamki tena.

Kikombe kilimponyoka Fundi Saa. Kahawa ikamwagikia magotini, wala hakushtuka.

— Nani amekwambia habari za mama?

— Si mfano tu, Fundi. Nasema mfano.

— Mfano, alirudia. Ee Mungu, uwe mfano.

Bibi alimtazama, akaweka birika chini.

— Ngojeni. Mama yangu alikuwa akizilaza chupa ubavu usiku kucha, aone kama zinavuja. Isiyovuja anaiwekea alama. Labda na marehemu mkeo alizilaza hivyo?

Miaka thelathini na mmoja Fundi Saa alikula kutoka jiko lile. Hata siku moja hakusimama ndani yake chupa zikifungwa.

— Sijui.

— Na alizichemsha kwa muda gani?

— Sijui, Bibi. Mimi nilikuwa nikila tu.

Hapo akafika mshonaji wa mtaa wa pili, kufuata saa yake ya mkononi. Aliona chupa, akaona ile suruali iliyolowa.

— Kuna nini? Nani amekula hicho?

— Binti yangu, alisema Fundi Saa. Ana mimba.

Kinyozi alijishika mdomo.

— Na sasa hivi anaendeleaje? aliuliza mshonaji.

Profesa alianza kupanga magazeti yaliyokuwa yamepangika. Fundi Saa alikuwa ametoka nyumbani saa moja na nusu, na sasa ilikaribia saa nne. Muda wote huo alikuwa akiwauliza watu ambao hawakula.

Alitoa simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na wote waliisikia inavyoita.

— Baba?

— Unaniona... macho yako yanaona vizuri?

— Baba, nimechoka kidogo tu. Uko wapi?

— Vaa viatu. Nakuja, tunakwenda hospitali. Chupa ninayo, waipime.

— Kwani kuna nini?

Fundi Saa alisimama. Alitafuta neno jepesi, akalikosa.

— Ni chakula cha mama yako, mwanangu, alisema. Nakiogopa.