Ukuta wa Niveau Trois

Jumapili baada ya misa, benchi la pale Saint-Gilles lina wenyewe: Donat, mwenye termosi ya kahawa, na Hervé, ambaye hakuna jambo asilolijua. Jumapili hii Kabamba alifika wa mwisho, uchovu umemjaa usoni, akafungua karatasi mapajani. Huko Katanga alichora ramani za migodi miaka kumi na minne. Hapa Brussels amebeba mifuko ya saruji miaka sita. Ijumaa chef wake alimpa karatasi hiyo, mchoro wa nyumba kana kwamba imepasuliwa toka paa hadi msingi ili ndani ionekane, akamwambia abomoe ukuta wa niveau trois, ngazi ya tatu. Akiweza, kuanzia Jumatatu aachane na mifuko, awe anawasomea wenzake michoro. Kabamba alifurahi kupita kiasi. Jioni ile ile glavu zake za kazi akampa Hervé, na mkewe Antoinette akampigia pasi shati jeupe.

Jana aliubomoa. Usiku hakupata usingizi.

— Ile mur ilikuwa imebandikwa papier peint ya maua, mupya, alisema. Mupya kabisa. Juu ya nini banabomoa kintu mupya?

Donat akamimina kahawa, akasema Wabelgiji wakishakuwa na pesa huchoka na kuta. Hervé akaona hizo ni akili za kitoto.

— Bon, minakuambia. Kuko impôts, kodi ya nyumba. Commune inahesabuka kuta. Ukapunguza moya, impôts inashuka.

— Na paa? Donat akauliza.

— Paa ni ya État, ya serikali, donc haihesabiwe.

Donat hakukubali kushindwa. Akadai nyumba hukatwa kwenye karatasi ili siku moja ikatwe kweli. Hervé akaapa kwamba huko Schaerbeek aliona moja kwa macho yake, nusu ikabaki, nusu ikapelekwa Anderlecht kwa tramu. Siku nyingine Kabamba angecheka.

Hapo akaja Précieuse, mpwa wake Hervé, ambaye hana hata mwezi tangu atoke Goma. Akainama juu ya karatasi.

— Papa Kabamba, hii zéro, juu ya nini iko huku chini?

Donat akamtazama Hervé. Hervé akafungua mdomo, akaujaza kahawa.

Kabamba alikitazama kile kipembetatu chenye 0,00, alama ya pa kuanzia kuhesabu, pale penye mlango wa barabarani. Mgodini sifuri iko juu, usoni mwa ardhi, na niveau zinahesabiwa kwenda chini. Nyumba huhesabiwa kwenda juu, hata mtoto anajua. Lakini alipoishika ile karatasi kidole chake kilianzia kwenye paa, kwa mazoea ya miaka kumi na minne: un, deux, trois. Ukuta uliotakiwa ulikuwa wa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa. Yeye alibomoa wa ghorofa ya kwanza.

Aliona aibu, na uchungu zaidi ya aibu, kwa sababu kosa hilo lisingeweza kufanywa na mtu asiyejua kusoma mchoro.

Termosi ilikuwa imekwisha. Kabamba akaikunja karatasi, akasema anakwenda kumpigia chef simu, heri alisikie kosa kutoka kwake kabla hajaliona mwenyewe kesho asubuhi. Akapiga hatua mbili, akageuka.

— Hervé, ile gants yangu ya kazi, akasema. Unirudishie.