Kwaresima Niliyojinyima Vidonge

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wazima, asifiwe na sisi tunaoamka kwa kumeza vidonge! Mimi ni Ksaveria, wengi hapa Bombambili mnaniita Mama Damas. Shule niliishia darasa la nne, basi mnivumilie, naandika kama ninavyosema.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Mnene! Na jikoni nilikuwa mkuu. Harusi ya Rehema, ubatizo wa mapacha wa Benedikta, shukrani ya Sista Imelda, zote nilisimamia majiko mimi, na hakuna sufuria iliyotoka kabla sijaionja. Nikionja maharage, naonja bakuli zima. Lakini sukari ilikuwa imepanda, magoti yamekufa. Kutoka nyumbani mpaka kanisani napumzika mara nne. Pale kwa fundi cherehani, mzee Mapunda alikuwa akiniona kwa mbali anatoa stuli bila kuniuliza.

Mwanangu Damas, yule anayefanya kazi Dar es Salaam, akanipeleka kwa madaktari wa huko. Wakanipima sana, mwisho wakasema watanifanyia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Likabaki jembamba kama ndizi. Nilikubali mwenyewe kwa akili zangu, na mpaka leo sijutii. Sukari ilishuka. Magoti yalirudi. Kwa hilo Mungu atukuzwe!

Ila kuna jambo waliniambia, mimi sikulisikia. Walisema, mama, baada ya upasuaji huu wengine hupatwa na huzuni nzito, ukiiona usikae nayo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza gauni jipya.

Nikarudi Songea. Mwili unapungua kila wiki, na watu wana macho. Sokoni wananiuliza, "Mama Damas, umepatwa na nini?" Wengine wakasema nina virusi. Wengine wakasema nimerogwa. Hayo niliyavumilia. Lililonivunja lilitokea kwenye msiba wa mzee Fridolini. Nimepika mimi mwenyewe, ugali na dagaa wa Nyasa, tumekaa kwenye mkeka sinia moja na wenzangu. Nikamega tonge mbili, tumbo likagoma. Oliva, rafiki yangu tangu usichana, akacheka: "Jamani huyu, anadonoa kama kifaranga! Au unaogopa mikono yetu?" Ulikuwa utani, najua, Oliva hana ubaya. Lakini wote waligeuka kunitazama. Mnajua mtu asiyekula msibani tunavyomsema, eti anadhani tutamroga. Tangu siku ile nikaacha kwenda misibani, nikaacha kwenda jikoni, mwisho nikaacha hata sala za jumuiya.

Ndugu zangu, mwili ulipungua haraka, mimi mwenyewe nikapotea humo humo. Mtu ambaye maisha yake yote alijulikana kwa kulisha watu, sasa chakula hakimtaki. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi, kanga ile ile. Kengele ya misa inalia, nasikia, siinuki. Kuku wanakosa maji, naona, siinuki. Binti yangu Agatha, ninayeishi naye, ananisemesha, nasikia sauti yake kama iko nyumba ya jirani.

Wanamaombi walikuja kuniombea, na nawashukuru, kwa sababu siku zile ni wao tu walionishika mkono. Lakini huzuni haikutoka. Agatha akasema, "Mama, tumeomba, sasa twende na hospitali. Mungu yuko na kule." Tukampata muuguzi wa afya ya akili, binti wa Kiislamu wa Tunduru, jina lake Zuhura. "Shikamoo bibi," akakaa chini kabisa usawa wangu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia, "Bibi, huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Si dhambi, na hujawa mwendawazimu." Akanipeleka kwa daktari. Daktari akaandika vidonge, kimoja kila asubuhi, vikae pamoja na vitamini zangu za upasuaji. Zuhura akasisitiza, "Havifanyi kazi leo wala kesho. Vipe wiki kadhaa. Na usiache bila kutuambia."

Nikameza. Baada ya wiki kama sita hivi nikaanza kuoga bila kuambiwa. Nikarudi jumuiya. Kidogo kidogo.

Basi ikafika Jumatano ya Majivu, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Tumetoka kupakwa majivu, kina mama tunaulizana nani anajinyima nini. Oliva akasema anaacha sukari kwenye chai. Benedikta akasema anaacha komoni, ile pombe yetu ya kienyeji, tukacheka wote kwa kuwa tunamfahamu Benedikta na komoni yake. Wakanigeukia mimi. Ndugu zangu, mimi ningejinyima nini! Nyama nilikuwa siiwezi, wali siuwezi, nakula vijiko vitatu nashiba. Na kwa umri wangu Kanisa limeshanisamehe kufunga. Lakini niliona aibu mbele ya Yesu, yeye siku arobaini, mimi sina hata cha kumpa.

Nikawaza mimi nimeshapata nafuu. Nikawaza vile vidonge ndivyo ninavyovitegemea kuliko Mungu. Nikavifunga kwenye pindo la kanga, nikaviweka chini kabisa ya sanduku, nikasema, Bwana, hii ndiyo sadaka yangu. Sikumwambia Agatha. Tunafundishwa tusijionyeshe tunapofunga, nami nikatii!

Siku za kwanza kichwa kilikuwa kinapiga shoti kama waya za umeme, kizunguzungu, machozi bila sababu. Nikasema haya ndiyo mateso, nayatolea. Wiki ya tatu giza likarudi, na safari hii lilikuja na neno. Likaniambia, Ksaveria, ungelala tu usiamke, Agatha angepumzika. Neno lile halikunitisha, ndugu zangu. Nililiona zuri. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Ijumaa moja baada ya Njia ya Msalaba nilikwenda kuungama. Kitubio changu ni changu, kwa hiyo nakisema mwenyewe. Nikamwambia Padri Gaudensi, nimetenda dhambi, natamani kufa. Hakushtuka. Akaniuliza nalalaje, nakula nini, natumia dawa gani. Nikamjibu kwa fahari kidogo, "Nilikuwa natumia za sonona, padri, lakini nimejinyima kwa Kwaresima."

Kisha akauliza, "Mama, mtu hujinyima kitu anachokipenda. Hivyo vidonge unavipenda?"

"Hata kidogo, padri. Vichungu, tena vinanitia aibu mbele za watu."

"Basi mfungo wako utakuwa kuvimeza."

Nilitaka kucheka, nikalia. Nililia mpaka kina mama waliokuwa foleni wakaanza kukohoa. Padri akaniambia, "Ya hapa mimi sitayatoa, lakini wewe una mdomo. Usipite popote. Mwambie Agatha sasa hivi, yote, hata hilo la kufa, na leo hii hii mwende hospitali."

Agatha alikuwa nje ananisubiri. Nikamwambia yote pale pale, chini ya ukuta wa kanisa. Hakunifokea. Alinishika kiuno kama mtoto anavyoshikwa asianguke, akasimamisha bajaji. Zuhura naye hakunifokea. Aliniuliza waziwazi kama nimepanga kujidhuru, na nikagundua kuulizwa kulinipunguzia mzigo. Daktari akaanza upya kwa dozi ndogo. Agatha akahamishia godoro lake chumbani kwangu, na dawa akawa ananipa yeye mkononi.

Sitawadanganya kwamba nilipona Pasaka. Pasaka nilikaa kwenye benchi kama gunia. Lakini asubuhi moja, wiki kadhaa baadaye, nimekaa uani, nikasikia harufu kutoka jikoni, nikapaza sauti: "Agatha! Unaunguza vitunguu! Nani alikufundisha kupika hivyo?" Agatha akatoka na mwiko mkononi, akanitazama, akaanza kulia. "Mama," akasema, "umenigombeza!" Kumbe miezi mingi nilikuwa sijamgombeza mtu. Nikamwambia aache kulia, vitunguu vinazidi kuungua. Haleluya!

Ndugu zangu, vidonge havikunipa furaha. Vilinipa kusimama. Furaha nimeifuata mwenyewe kwa haya magoti mapya. Nimerudi kwenye majiko. Naonja kwa kijiko kimoja, na Oliva, aliyeniomba msamaha bila mimi kumwomba, ndiye anayemalizia bakuli. Bado natumia dawa, na daktari ndiye atakayesema lini zitapunguzwa. Mimi na kalenda ya Kanisa hatutoi amri tena kwenye jambo hilo!

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru Damas, Agatha, Zuhura na imani yake, Padri Gaudensi, daktari, na wanamaombi wote. Mungu alikuja kwangu kwa mikono yao.

Na wewe unayesoma, ambaye una dawa umezifungia mahali ukisubiri kuona kama imani yako inatosha, au unayelisikia lile neno zuri linalokuambia ulale usiamke: mtumaini Mungu, halafu mwambie mtu leo. Kama huna wa kumwambia, njoo kwangu. Huna haja ya kueleza sana. Sema tu, "Mama Damas, nimekwama." Nitavaa viatu, twende wote.