Paja la Kwanza la Bibi Devleta

Kwa jina la Mola aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutukataza vilivyo vichafu. Sala na salamu zimfikie Mtume wake, aliyetufunza kunawa kabla ya kula.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bibi Devleta Karahodžić, mjane wa marehemu Mzee Šaban, mchoma nyama wa soko la Visoko. Ameacha binti mmoja, Senija. Ameacha mkwe, Rusmir. Ameacha mjukuu, Merima. Mliokuja mazikoni mliambiwa kuwa ni moyo. Haukuwa moyo. Bibi Devleta alikufa kwa kula kuku mbichi, naye alijua kuwa ni mbichi. Familia imeniomba niseme hivyo, nami nasema.

Nani mjini hapa hakuiogopa pua ya mama huyu? Mumewe alichoma, yeye alikanda nyama. Siku moja mchinjaji alimletea nyama ya kusaga iliyoshinda juani. Hakungoja udhuru. Alilibeba beseni zima hadi mtoni, na mchinjaji nyuma yake akipiga yowe.

"Mama we, hiyo ni nusu ya ng'ombe!"

"Basi acha aoge," alimjibu, "maana ananuka."

Pua hiyo ilimponza binti yake. Katika harusi ya kwanza ya Senija, wakwe walimpa Bibi Devleta pande la kondoo, jekundu mfupani. Alisukuma sahani mbele ya wageni wote. "Huyu bado analia mee," alisema. Wageni walicheka, wakwe hawakucheka. Mwaka haukuisha, Senija akarudi kwao na sanduku lake. Bibi Devleta aliapa mbele ya binti yake: hatamfedhehesha mkwe mwingine mezani, hata akilishwa udongo.

Ndipo akaja Rusmir. Fundi wa simu, mtu mpole, ila mbele ya mkaa ni mgeni kabisa. Kiangazi hiki aliichukua familia mandari mlimani. Alitaka kwa mara ya kwanza kuchoma mwenyewe, mbele ya mjane wa Šaban.

Wasikilizaji wapendwa, mlio mezani wekeni vijiko chini. Yafuatayo nimeyapata kwa Rusmir mwenyewe.

Kuku alisafiri ndani ya buti la gari, katika mfuko wa plastiki, bila barafu, asubuhi nzima. Mfuko ulipofunguliwa, majimaji mekundu ya kuku yalichuruzika juu ya mikate ya somun. Rusmir aliifuta kwa kiganja. Kwa kiganja hichohicho akakata nyanya. Hakungoja moto utulie uwe makaa yenye jivu. Aliweka mapaja juu ya ndimi za moto, ngozi ikawa nyeusi kama lami, naye akafurahi akidhani nyeusi ndiyo iliyoiva. Brashi ilichovywa kwenye viungo vilivyolowekewa kuku mbichi, ikapakwa juu ya kuku wa motoni, ikarudi kuchovywa tena. Kisha mapaja yakarejeshwa katika sinia lilelile yalimokaa mabichi, juu ya ule utelezi, na nzi wakiwa wamekwisha kuketi kama waalikwa. Uchafu gani huu! Paka wa mtaani huchagua zaidi.

Nanyi mnaijua desturi yetu: pande la kwanza kutoka motoni ni la mkubwa wa watu, naye halikatai.

"Karibu, Mama," Rusmir alisema, jasho likimtoka. "Niambie kweli. Nimemfikia Baba Šaban?"

Bibi Devleta aliuma. Senija alikuwa kando yake, akaona. Chini ya ngozi ile nyeusi nyama iling'aa kama midomo, na karibu na mfupa damu ilikuwa bado inateleza.

"Mama…" Senija alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Sitakuvunjia nyumba mara ya pili."

Akatafuna. Akameza. Kisha akamgeukia mkwe kwa sauti ya kusikika. "Umemfikia, na njaa yangu ya leo ni ya mbwa mwitu! Hayo mapaja mengine yote lete huku, na mikate na nyanya pia. Ninyi chomeni mengine, na myakaushe hasa."

Alimpokonya hata mjukuu wake. "Nililia," Merima aliniambia. "Nilimwita Bibi mlafi. Yeye akacheka, akanionyesha ulimi."

Rusmir hakuondoa macho kwake, kwa furaha, hata asipate nafasi ya kuyatupa. Kwa hiyo Bibi aliyala yote. Usiku ule tumbo lilimkamata, na juma lile hakulimaliza. Daktari alitaja vijidudu vya kuku asiyeiva, na umri wake. Hakuna mwingine aliyeugua.

Nilimkuta Rusmir ameketi nje ya nyumba. "Angesema tu, Sheikh," alisema. "Angesema, 'Pumbavu wewe, rudisha motoni.' Ningecheka. Wallahi ningecheka, nikarudisha."

Namwamini. Ndiyo maana kinachonichefua zaidi ya lile sinia ni adabu yetu hii, inayomtaka mzee ameze uvundo ili kijana asione haya. Basi tuseme bila haya. Kuku hukaa kwenye barafu. Mbichi ina chombo chake na iliyoiva ina chake. Mikono huoshwa kwa sabuni. Nyama hupasuliwa hadi mfupani. Ikiwa nyekundu, hurudi motoni. Anayechoma na aulize. Anayelishwa na ajibu kweli.

Senija, Rusmir, Merima: poleni sana. Mola amsamehe mama yenu na amlishe matunda ya Pepo. Nanyi mliobaki, Mola atie nuru nyumbani mwenu, asiache mtu akamlaumu mwenziwe, na awajaalie ulimi wa kusema na moyo wa kusikia. Amina.