Tarehe ya Kufa kwa Richenza wa Ukutani

Padre Gerlach, wazee wa parokia, majirani wa mtaa wa kinu, na nyote mliokuja na matope yenu miguuni, mimi Volkwin mtengeneza mishumaa, ndugu pekee aliyebaki wa marehemu, ndiye niliyepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu Richenza, na ingawa familia yenyewe ni mimi na binti zangu wawili, tumekaa, tumekubaliana yote, isipokuwa tarehe moja, nayo ni tarehe ya kufa kwake, ambayo nusu ya mji huu mmekuja kwangu tangu juzi kunishika mkono na kunielekeza niisomeje. Nitaifikia, msiwe na haraka.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Ellernau tarehe 16 Oktoba mwaka 1289, sikukuu ya Mtakatifu Galo, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Wiprecht mtengeneza mishumaa na mkewe marehemu Benigna, akabatizwa siku ile ile kwa kuwa mkunga alimwona amegeuka rangi ya buluu na akasema hafiki jioni, lakini jioni alifika, na mkunga ndiye aliyekufa kabla ya Krismasi.

Kuanzia mwaka 1297 alisomeshwa na masista wa ng'ambo ya mto kwa majira manne ya baridi, akazijua Zaburi zote kwa kichwa, kisha masista wakamrudisha nyumbani wakisema anauliza maswali mno, naye akaingia kwenye kazi ya baba yetu, na niseme wazi kwamba si baba, ni yeye aliyenifundisha mimi kuchovya utambi kwenye nta, akinipiga vidole kila nilipofanya haraka, maana nilikuwa mtoto wa kufanya kila kitu haraka.

Tarehe 12 Mei mwaka 1310 alifunga ndoa, mlangoni pa kanisa hili kama ilivyo desturi yetu, na Eberwin mwashi, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, Hille, aliyezaliwa tarehe 3 Machi mwaka 1311 na kufa kwa kikohozi mwezi Januari mwaka 1313, na tarehe 9 Septemba mwaka 1314 Eberwin naye alianguka kutoka kwenye jukwaa la mnara huu huu mnaousikia ukigonga kengele, akafia mikononi mwa mkewe kabla ya padre kuteremka ngazi.

Wazee mliopo mnaukumbuka mwaka 1316, mwaka wa mvua, ngano ikaoza shambani, watu wakala magome ya miti, na mji ukaamua kwamba tukipata mtawa wa ukutani, mtu wa kujifungia ubavuni mwa kanisa na kutuombea mpaka afe, Mungu huenda akatuhurumia, na wote mkamtazama Richenza, mjane asiye na mtoto, anayejua Zaburi, naye akakubali, sijui kwa hiari au kwa kuchoka kutazamwa. Tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, akalazwa chini mbele ya altare, akaimbiwa Misa ya wafu akiwa mzima, akamwagiwa majivu, akaingizwa kwenye chumba kile ambamo kaburi lake lilikuwa limeshaanza kuchimbwa sakafuni ili alimalizie mwenyewe kwa mikono, kidogo kidogo kila siku, kisha waashi wakaziba mlango.

Ndugu zangu, sheria ya siku ile ilikuwa kwamba kabla ya jiwe la mwisho ndugu wa damu asogee kwenye tundu, asikilize, kisha awaambie watu kama aliyeingia ana neno, kwa sababu akisema hataki, ukuta unabomolewa. Niliyesogea ni mimi, nina miaka ishirini, mvua inanichapa mgongoni, nyuma yangu mji mzima umepiga magoti kwenye matope, na nikamsikia dada yangu akisema kwa sauti ndogo, "Volkwin, nitoe, sitaweza, nitoe mdogo wangu." Nikageuka, nikawaona, mama na watoto wenu matumbo yamewavimba kwa njaa, nikawaambia, "Amesema yuko tayari." Jiwe likawekwa. Siku ya tatu mvua ikakatika, mkacheza barabarani, mkanibeba mabegani, na mimi nikafunga mdomo wangu kwa miaka thelathini na saba. Ee Mungu wangu, ndiyo mara ya kwanza nalisema.

Tangu hapo marehemu alihesabiwa kuwa mfu, jina lake likasomwa kila tarehe 25 Julai pamoja na majina ya wafu wengine, naye mwenyewe akiitikia "Amina" kutoka nyuma ya pazia jeusi la dirisha lake, jambo ambalo watoto waliliogopa na wakubwa tulijifanya tumelizoea. Aliwashauri wengi kupitia dirisha hilo, mimi nikampelekea uji kila asubuhi na mshumaa kila Jumamosi, tukaongea habari za nta, za meno, za bei ya samaki, lakini siku ile ya mlango hakuitaja hata mara moja, na mimi sikuthubutu.

Nilithubutu Kwaresima hii, Ijumaa tarehe 14 Machi, kwa kuwa kifua changu kinaniuma na niliona zamu yangu inakaribia, nikapiga magoti dirishani nikamwambia, "Dada, siku ile nilikusikia." Pazia likatikisika, na sauti yake ikajibu polepole, "Najua ulinisikia. Nimekusamehe. Nenda ukalale." Nikaenda, nikalala usingizi ambao sijawahi kuupata tangu ujana.

Kuhusu ugonjwa wake hatuna la kusema, maana hakulalamika. Siku ya Pasaka, tarehe 13 Aprili, Padre Gerlach alimpelekea Komunyo kwenye kidirisha cha ndani, na sauti ikamwambia, "Rudi nayo, Padre, mimi siwezi kupokea tena," na tangu hapo kukawa kimya, uji ukabaki, hivyo Jumanne tukabomoa ukuta tukidhani ameishiwa nguvu. Tulimkuta ndani ya kaburi lake, amejifunika udongo mpaka kifuani, mikono imekunjwa, mwili mkavu kama ngozi iliyosahaulika darini. Meinolf kinyozi, anayetutibu sote, alimgusa bega akarudi nyuma, akasema, "Huyu si wa juzi jamani, huyu kafa baridi ikiwa bado kali."

Mengine nilikuwa nimewaficha, na Padre ananitazama hivi sasa kwa kuwa naye anayajua. Kando ya kaburi palikuwa na mshumaa niliompa mwenyewe tarehe 2 Februari, sikukuu ya kubariki mishumaa, nao nautambua kwa kuwa ule wa sikukuu huwa naufunga uzi mwekundu chini, na ulikuwa umeungua vidole vitatu tu, yaani muda wa saa nne, si zaidi, kisha ukazimwa. Ukutani ilikuwa imepangwa mishumaa kumi ya Jumamosi kumi zilizofuata, imesimama sawasawa, tambi zake nyeupe, hakuna hata mmoja uliowashwa. Na bakuli za uji, ndugu zangu, kwa wiki zote hizo zilikuwa zikirudi tupu.

Padre aliniambia jana, "Mzee Volkwin, soma Pasaka, tuzike, yaishe." Odilia, mke wa mwoka mikate, alinijia analia, kwa sababu sauti ile ndiyo iliyomchagulia mkwe mwezi wa pili na harusi imeshapita, akaniambia, "Usituharibie, baba, kwani wewe unapoteza nini?" Odilia mwanangu, ninapoteza kuliko wewe. Nikisoma Pasaka, dada yangu alinisamehe kwa kinywa chake. Nikisoma Februari, basi nilisamehewa na nani? Padre anasema hata adui, yule Mwovu, anazijua siri zetu. Nimekesha siku mbili na ngozi hii ya kuandikia mapajani, na kalamu ilikataa kuandika Pasaka, kwa sababu nilikwisha kuwasemea uongo juu yake mara moja, mbele yenu, ubavuni mwa kanisa hili.

Marehemu Richenza alifariki jioni ya tarehe 2 Februari mwaka 1354, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, peke yake.

Kwa niaba ya familia namshukuru Meinolf kwa kusema alichokiona, nawashukuru majirani kwa kuni na vitambaa, waashi wanne waliobomoa ukuta bila kudai neno, wenzangu wa chama cha mishumaa, na masista wa ng'ambo waliomwosha marehemu wakati wanawake wa mtaa waliogopa. Namshukuru pia yule aliyejibu dirishani kuanzia tarehe 3 Februari hadi Pasaka, ambaye sijui nimwite nani, kama alitutakia mema Mungu amlipe, na kama bado yumo mle ndani, ninamwomba asinijibu tena kamwe.

Maandishi yanaishia hapa, haya sasa nayasema tu. Dada, mara ya kwanza tulipokuzika ulikuwa na neno nami nikalimeza. Leo jeneza liko wazi, nimeinama, sikio langu liko mdomoni kwako, na chochote utakachosema nitawatangazia hawa wote kama kilivyo, hata kama ni laana. Tunyamaze kwa muda wa Baba Yetu moja, hata wewe Odilia.

Sijasikia kitu, wapendwa, hana neno kwetu.

Mshusheni polepole, nje, chini ya mvua, kando ya Hille wake. Pumzika, dada yangu, na safari hii hakuna atakayekujibia.